Kuhifadhi Volumu za Kontena Winguni, na Swali la Maalim

Nimekuwa kimya kwa muda, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi mmeniuliza kwa barua pepe: data iliyomo kwenye volumu za Docker unaitoaje, unaipelekaje kwenye stoo ya wingu, na ikishafika huko unairudishaje. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike. La kwanza na la pili utayapata kila mahali kwenye wavuti.

Tuanze na maneno, maana najua humu ndani mna wapenzi wa lugha. Docker maana yake ni kuli wa bandarini, kwa hiyo sisi watu wa Mombasa tusitishwe na jina. Programu hii ilitangazwa mwaka 2013, na mfano wake ni ule ule wa makontena tunayoyaona Kilindini: ndani weka mchele, mitumba au vipuri, nje sanduku ni la vipimo vile vile na kreni yoyote italibeba. Programu yako inafungwa pamoja na kila inachokihitaji, ikaendeshwa sawasawa kwenye kompyuta yako na kwenye seva ya mtu mwingine. Uzuri wa kontena ni kwamba ni kitu cha kutupwa. Unaifuta, unaanzisha nyingine, kazi inaendelea. Ubaya ni huo huo: kilichoandikwa ndani yake kinakwenda nayo. Ndipo wakaleta volumu, yaani ghala lililo nje ya kontena. Kwenye Linux kwa kawaida utazikuta kwenye /var/lib/docker/volumes. Volumu inanusurika kontena ikifa. Haitanusurika diski ikifa, wala mwizi akiibeba seva kwapani, wala mtu akiandika "docker compose down" halafu akaongeza kijialama -v mwishoni.

Neno la pili ni chelezo. Wanaotafsiri programu walilichagua kwa maana ya nakala ya akiba, na wako wanaolicheka. Mimi nalipenda. Kwa mabaharia chelezo ni boya, kitu kinachoelea. Chombo kikizama, chelezo kinabaki juu ya maji. Ila boya linaloelea mahali usipoweza kulifikia halikusaidii wewe uliyemo majini, na hapo ndipo tunapoingia kwenye kazi yenyewe.

Hapa Mji wa Kale, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, yuko maalim mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akirekodi watu kwa redio kaseti. Darsa, mashairi ya harusini, na zaidi mazungumzo na manahodha na mabaharia wa majahazi waliokuwa wakienda Ghuba na kurudi na kaskazi. Wengi wa wasemaji hao wameshafariki. Kanda ni 412. Hewa ya bahari mnaijua: kanda zimeota ukungu, na nyingine zilikubali kuchezwa mara moja tu wakati wa kuzinakili, baada ya hapo zikakatika au zikamwaga unga. Maana yake ni kwamba kwa kanda hizo faili la kompyuta si nakala tena. Ndilo lenyewe.

Wajukuu wa Maalim waliniomba nitengeneze mahali pa kuzisikiliza. Nikaweka seva ndogo kwenye chumba cha juu: kontena moja ya tovuti, moja ya kanzidata ya Postgres yenye majina ya wasemaji, tarehe na mahali, na volumu mbili. Sauti zote ni gigabaiti 38. Kila usiku nakala zinakwenda kwenye stoo ya wingu iliyoko Cape Town, zikiwa zimefungwa kwa siri kabla hazijatoka nyumbani.

Nilipomweleza Maalim alisikiliza vizuri, akaniuliza Cape Town zinakaa kwa nani, nikamjibu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Haya mwanangu, kwenda zimekwenda. Siku nikizitaka, zitarudi? Na zitarudi kwa siku ngapi?"

Nimefanya kazi na mameneja wa teknolojia wenye shahada tatu ambao hawajawahi kuniuliza hivyo. Wao huuliza kama bakapu ipo. Ukisema ipo, mjadala umekwisha.

Sasa mtu aliyekulia chini ya Ngome hana sababu ya kulishangaa swali hilo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kama ni ulinzi, ulikuwa ulinzi kweli: kuta nene juu ya mwamba wa matumbawe, mizinga kila pembe. Machi 1696 Waomani wakaizingira. Ngome ikashikilia mwaka wa kwanza, ikashikilia wa pili, watu ndani wakifa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kila kitu cha kuiokoa kilikuwepo, tena kingi, lakini kilikuwepo Goa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na safari ilingoja pepo za msimu na uamuzi wa wakubwa. Mwaka 1697 ilikuja merikebu ya vita Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo chini ya kuta. (Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua, na baadhi ya vitu vyake viko kwenye jumba la makumbusho ndani ya Ngome. Mkipita, ingieni.) Disemba 1698 Ngome ikaanguka. Meli nyingine za msaada zikafika siku chache baadaye, zikakuta bendera imebadilishwa, zikaenda zao. Sina machozi ya kuwalilia Wareno katika habari hii. Ila kihesabu tu, mambo yao ni ya kimtandao kabisa: nakala salama, mbali na hatari, na muda wa kurudisha mrefu kuliko uhai wa anayengoja.

Mtaniambia hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha kule Lamu zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kazi nzuri sana. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wahalifu wa mtandao wanaojiita Rhysida, wakafunga mifumo kwa siri, wakaharibu seva, wakadai fedha, maktaba ikakataa kulipa. Mikusanyo ya mtandaoni, pamoja na ya mpango huo, ikawa haifikiki kwa muda mrefu. Machi 2024 maktaba ikatoa ripoti ya wazi kabisa, na naipendekeza kwa kila anayelinda data. Ndani yake wanasema nakala salama za mikusanyo yao ya kidijitali walikuwa nazo. Kilichowachelewesha ni kukosa mitambo iliyo sawa ya kuzirudishia. Taasisi kubwa namna ile! Nakala ipo, mahali pa kuiweka hapapo.

Basi nikaamua kumjibu Maalim kwa vitendo, na tarakimu ziwe za kwetu. Nikachukua kompyuta nyingine kuukuu isiyo na kitu, nikajipa sharti: seva ya juu nisiiguse, nijifanye imeungua. Nirudishe kila kitu kutoka Cape Town. Siku niliyochagua ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, kwa sababu Jumapili mtandao huwa mwepesi.

Wale walioko Afrika Mashariki wataikumbuka siku hiyo. Nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti kutoka Kenya, Tanzania hadi Uganda ikawa ya kutambaa. Tena mwezi wa Februari mwaka huo huo nyaya nyingine zilikuwa zimeshakatika kwenye Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini ilikuwa na pengo. Nilipima kasi ya kushusha nikapata megabiti 2 kwa sekunde. Hebu tupige hesabu pamoja. Gigabaiti 38 ni megabiti 304,000. Gawanya kwa 2, unapata sekunde 152,000, yaani saa 42 na ushee, kama haikatiki katikati. Kwa kasi ya kawaida ya hapa, megabiti 20, ingekuwa saa 4 na robo. Nikaacha iendelee ili nione. Ilikatika. Nikaianzisha upya. Jumatano asubuhi ndipo faili la mwisho likaingia.

Jibu la Maalim likapatikana: siku 3, kwa bahati mbaya ya kiasi. Si jibu baya. Lakini si lile nililokuwa tayari kumpa, na kwetu sisi wa kisiwani si jambo la ajabu litokee. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasiporuhusiwa ikaukata waya wa TEAMS, ule unaotoka Fujairah. Nyaya zote hizi hupita bahari ambayo meli nazo hupita. Mnaoishi Nairobi mnaona wingu ni wingu. Ukiwa hapa ukisimama juu ya ukuta wa Ngome unajua kwamba wingu linapita chini ya maji.

Kwa hiyo tukaongeza nakala ya karibu. Diski moja ya nje, nyumba ya pili, mtaa mwingine, si ukuta mmoja na seva. Kutoka hapo gigabaiti 38 zinarudi kwa muda wa kunywa kahawa mbili na kashata. Ya Cape Town ni ya siku ambayo mtaa mzima umepatwa na jambo. Hii ya karibu ni ya siku nyingine zote, na siku nyingine zote ndizo nyingi.

Sasa kazi ya mikono. Kwa volumu ya sauti, ambayo faili zake hazibadiliki zikishaingia, njia rahisi inatosha: unaanzisha kontena ndogo ya muda, unaipa volumu upande mmoja na folda ya nje upande wa pili, inafunga mzigo halafu inajifia.

docker run --rm -v kanda_sauti:/chanzo:ro -v /srv/chelezo:/lengo alpine tar czf /lengo/sauti.tar.gz -C /chanzo .

Zile herufi "ro" zinaizuia kontena isiandike chochote kwenye chanzo. Ziache hapo. Na kurudisha, kwenye volumu mpya yenye jina jipya (usirudishe juu ya volumu iliyo hai hata siku moja):

docker volume create zoezi_sauti
docker run --rm -v zoezi_sauti:/lengo -v /srv/chelezo:/chanzo:ro alpine tar xzf /chanzo/sauti.tar.gz -C /lengo

Mtu akishafika hapo hufurahi akafunga kompyuta. Subiri. Washa kontena ya tovuti juu ya volumu hiyo uone. Kwenye Linux faili lina mwenyewe, na mwenyewe huyo anajulikana kwa namba, si kwa jina. Kama programu yako inaendeshwa na mtumiaji namba 1000 na faili zimerudi zikiwa mali ya root, pengine itazisoma vizuri, utasikia sauti, utashangilia. Kisha siku mjukuu anataka kuongeza kanda mpya, inakataa kuandika. Kwa hiyo zoezi langu la kurudisha lina hatua mbili za lazima: sikiliza kanda moja, ongeza kanda moja.

Kanzidata usiifanyie hivyo. Naandika kwa msisitizo kwa sababu nimeona makala nyingi zinawaelekeza watu waifunge volumu ya Postgres kwa tar huku inafanya kazi. Ni sawa na kunakili daftari la karani wa forodha naye bado anaandika: ukurasa wa 10 unauchukua kabla hajaongeza, wa 50 baada ya kuongeza, mwisho una daftari ambalo halijawahi kuwepo duniani. Ama uisimamishe kontena kwanza, ama utumie chombo chake yenyewe, pg_dump, ambacho hutoa picha ya wakati mmoja huku kazi ikiendelea. Kwa MySQL ni mysqldump. Faili linalotoka ndilo unalolipeleka winguni.

Na uhakikishe limetoka kweli! Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data ya kanzidata yake kuu. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi. Walipoenda kwenye stoo ya wingu kuchukua nakala za pg_dump, hapakuwa na kitu. Programu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa toleo la 9.2, kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kuwaarifu kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, tena kwa sababu nyingine kabisa. Waliyaandika yote hadharani, na ni uungwana ambao kampuni nyingi hazina. Tangu nilipoisoma habari ile, hati yangu ya usiku hupima ukubwa wa faili, ikilinganisha na la jana. Likipungua ghafla, napata ujumbe. Na nisipopata ujumbe wa "salama" asubuhi, hiyo nayo naihesabu ni tatizo. Ukimya si habari njema.

Kupeleka winguni natumia restic, programu huria, ingawa ziko nyingine nzuri. Inakata data vipande, inavifunga kwa siri, na inapeleka vile tu ambavyo havijaenda. Kwa kanda zisizobadilika maana yake usiku mwingi haipeleki karibu kitu, jambo zuri kwa mfuko wa anayenunua bando. Amri ya "restic check" peke yake inakagua mpangilio tu. Ukitaka isome data yenyewe iambie, na si lazima isome yote kwa siku moja, unaweza kuiambia asilimia 5 kila wiki. Chunguza pia bei. Stoo nyingi za wingu hazitozi chochote kuingiza mzigo, hutoza kuutoa. Godauni la namna hiyo bandarini lingekuwa na mabishano kila siku.

Halafu kuna ufunguo. Restic ukipoteza nywila yake hakuna wa kumpigia simu, data imekwenda. Na nywila ikikaa kwenye seva peke yake, seva ikiungua imeungua nayo. Tuliiandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iko kwenye sanduku la Maalim la mninga, pamoja na hati ya nyumba. Ya pili anayo binti yake Lamu. Funguo za stoo yenyewe nazo ziko za aina mbili: ile iliyomo kwenye seva inaruhusiwa kuongeza tu, haiwezi kufuta. Aliyefika kwenye seva yako kwa nia mbaya ataangalia kwanza funguo za nakala, maana anajua bila kuzifuta hizo hana la kukudai.

Zoezi sasa tunalifanya kila miezi 3, na si mimi ninayelifanya. Mjukuu mmoja wa Maalim, yuko kidato cha nne, analifanya akifuata karatasi niliyoichapa, mimi nimekaa kando nimefunga mdomo. Kila anapokwama tunaandika upya mstari huo wa karatasi. Mara ya kwanza alichukua saa 5, mara ya tatu dakika 50 kutoka kwenye diski ya karibu. Karatasi ina jina la kila volumu, toleo la kila kontena kwa namba kamili (neno "latest" tumelipiga marufuku, kwa sababu volumu ya Postgres 15 haifunguki kwa Postgres 16), na mahali faili la compose lilipo. Faili hilo nalo linahifadhiwa pamoja na data. Ni kilobaiti 2 tu, lakini bila hilo una matofali na huna ramani.

Kwa wale walioniuliza kuhusu Postgres 18: ndiyo, picha rasmi ya Docker imebadilisha mahali volumu inapofungwa, sasa ni /var/lib/postgresql badala ya ile folda ya data iliyo ndani yake. Msihamie kabla hamjatoa pg_dump ya toleo mlilonalo na kuirudisha kwenye kontena mpya pembeni. Sisi bado hatujahama. Tutaangalia mwezi ujao, na hati yangu ya usiku nikishaondoa majina ya watu nitaiweka hapa muikosoe.